Mzee Asajile Anunua Ziwa

“Hivi mama, ziwa na njia ni wapi na wapi?”

Swali hilo aliniuliza jirani yangu Nyemo, aliyeolewa hapa kwetu Rungwe akitokea Dodoma. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Wazee wa kanisa walikuwa wamebishana tangu saa nne juu ya mahali pa kujenga choo kipya, wengine wakitaka nyuma ya ofisi ya mchungaji, wengine kando ya jiko la akina mama, mpaka mmoja wao akasimama akasema, “Ndugu zangu, ziwa zuri ni lenye njia mbili.” Wazee wakacheka, mabishano yakaisha, kikao kikafungwa kwa sala. Nyemo akabaki ameduwaa. Vijana wa kwaya waliokuwa wakimsubiri mwalimu wao wakasogea nao, wakasema, “Kweli mama, tunaisikia kila siku na hatuijui.”

Nikawaambia wakae. Ziwa zuri ni lenye njia mbili. Methali nyingine sijui zilizaliwa wapi, lakini hii naijua mpaka saa yake, maana siku inazaliwa nilikuwepo, nimekalia ndoo.

Palikuwa na mzee hapa kijijini akiitwa Asajile Mwambipile. Alifanya kazi ya reli miaka thelathini, huku na huko, akilala katika vyumba vya wafanyakazi peke yake na kula ugali peke yake, huku mkewe akilea mtoto wao nyumbani. Mke alifariki miaka miwili kabla mzee hajastaafu. Basi aliporudi na kiinua mgongo chake, alikuta nyumba ina mwanawe wa pekee, Andongwisye, fundi seremala. Mke wa Andongwisye, Tumwitike. Na wajukuu wanne wenye kelele za kutosha shule nzima. Mzee akafurahi mno. Akasema mbele ya watu, “Mimi ugali wa peke yangu nimeumaliza. Uliobaki ni wa kula na watu.”

Sasa Nyemo, wewe ni mgeni, hapa nikueleze kidogo. Zamani kwetu, na kwa nyumba zilizoshika adabu ile, mke wa mwana hakutani na baba wa mumewe. Hamtazami usoni, hamtaji jina, hapiti mbele yake. Wakiwa njia moja, binti anaingia migombani mpaka mzee apite. Na mzee naye ana wajibu wake: akikaribia kona ya nyumba anakohoa, ili aliye upande wa pili ajue. Msidhani ni chuki. Ni heshima, na heshima ile ilikuwa na raha yake. Tumwitike alilelewa na bibi yake, akaishika sawasawa. Katika nyumba yao ya zamani haikuwa taabu: mzee ana njia ya mbele, Tumwitike ana njia ya migombani, na siku inaisha bila mtu kumkosea mwenzake.

Wakitaka kusemezana, walisema na kuku. Naam, cheka tu. Tumwitike akiwa jikoni atasema kwa sauti, “Wewe kuku, chai ya mtu inapoa.” Mzee naye akiwa barazani atajibu, “Kuku, mwambie mtu anakuja.” Kuku anadonoa zake, ujumbe umefika. Mimi nilikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, na nakwambia kuku wa nyumba ile walisikia mengi kuliko mchungaji.

Haikupita muda mzee akaja na neno. Nyumba ile ya zamani ilikuwa mlimani, maji mbali, na marehemu mkewe alipanda na ndoo maisha yake yote. Mzee akasema, “Nataka kununua nyumba ya kando ya ziwa. Nikifungua mlango asubuhi, maji yaniamkie shikamoo.” Andongwisye akakubali, kwa sharti moja. Akamwambia, “Baba, chagua unayoitaka. Lakini mke wangu akishindwa kukaa huko, mimi na watoto hatutahama. Utahamia mwenyewe.” Mzee akajibu, “Nani atashindwa kukaa kando ya maji?” Mambo yakaishia hapo, lakini sharti lile lilimkaa moyoni, kama tutakavyoona.

Milima yetu mnaijua, imejaa maziwa madogo kama mashimo ya ungo uliotoboka. Mzee alisikia habari za nyumba tatu zinazouzwa, kila moja na ziwa lake. Akaanza kuzizungukia. Na unajua alipimaje? Alifunga kigoda chake cha miguu mitatu nyuma ya baiskeli. Akifika ziwani anateremsha kigoda, anakaa mbele ya nyumba, anatazama maji. Basi. Vijana wa kijiji wakasema mzee anapima ziwa kwa makalio. Mnisamehe, hayo ni maneno yao.

Ziwa la kwanza lilikuwa Mbululu, kubwa kuliko yote matatu. Mzee akarudi jioni ile ile anatema mate njia nzima. Nikamsalimu, nikamuuliza, “Shikamoo mzee, vipi Mbululu?”

“Marahaba. Ni pazuri, Mama Tusekile. Nilifungua mdomo nipasifie, nikameza visubi kumi.”

Ziwa la pili lilikuwa Kasyeto. Dogo, limepinda kama punje ya haragwe, na matete yamelizunguka. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba vinne, imara lakini imekaa chini chini kama mtu anayeona haya. Mzee alikaa kigodani muda wa kupika chai tu. “Vyura!” alisema aliporudi. “Sijapata kusikia vyura wanaoshindana kama wale. Na maji huyaoni mpaka uyafuate. Lile si ziwa, ni uji wa jana kwenye bakuli.”

Ziwa la tatu lilikuwa Lwasi. Huko alikwenda asubuhi, akarudi jua limezama, na siku hiyo alisahau kula. Mimi mwenyewe niliona uso wake nikajua mzee amepatikana. Lwasi ni ziwa lililo ndani ya shimo kubwa la mlima, maji ya buluu, kuta za mwamba pande zote, miti imeinama juu yake. Nyumba ilikuwa ukingoni kabisa, ina baraza ya mawe, na ukikaa pale barazani ziwa lote liko miguuni kwako. Mwenye nyumba alikuwa Bwana Mwasyoge, mtu wa maneno matamu. Alimwambia mzee, “Mzee wangu, wengine wanauza nyumba. Mimi nauza macho.”

Mzee alilala na maneno hayo. Wiki nzima ilikuwa Lwasi, Lwasi. Hata akiongoza sala ya chakula alimshukuru Mungu aliyeumba maji ya buluu, tukajua alikuwa anamaanisha yale.

Likabaki jambo moja. Marehemu mkewe alikuwa na msemo kwamba nyumba isiyopikiwa haijulikani. Kwa kumheshimu, mzee akasema kabla ya kuweka sahihi ni lazima pale Lwasi upikwe mlo mmoja familia iule, halafu waandikiane. Bwana Mwasyoge akakubali, ila akasisitiza iwe Jumamosi, maana Jumatatu kuna mtu wa Tunduma anakuja kuiona.

Jumamosi tukaenda. Mzee alitangulia na baiskeli. Nyuma yake tulikwenda Andongwisye, Tumwitike na mimi, nikiwa msaidizi wa jikoni. Tulibeba unga, maharage, ndoo mbili, na kuku mmoja wa kitoweo. Watoto tuliwaacha kwa mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa bado hai, Mungu ailaze roho yake mahali pema.

Tulipofika, Andongwisye akachukuliwa na Bwana Mwasyoge kwenda kuonyeshwa mipaka ya shamba huko juu. Sisi wanawake tukaingia jikoni, chumba kizuri tu, kimeshikana na nyumba upande wa nyuma. Kuku tukamfunga mguu kwenye kona ya ukuta. Tukafagia, tukapanga mafiga, tukawasha moto. Tumwitike akachukua ndoo, akatoka kwenda kuteka maji.

Akarudi na ndoo kavu.

“Vipi?” nikamuuliza.

“Amekaa.”

Nikachungulia. Kweli mzee alikuwa barazani juu ya kigoda chake, mikono magotini, anatazama maji kama bwana harusi. Na njia ya kushuka ziwani ilianzia pale pale mbele ya baraza, hatua mbili kutoka kwenye vidole vyake vya miguu. Ngazi zilizochongwa kwenye mwamba, nyembamba, na hapakuwa na nyingine. Kulia mwamba, kushoto mwamba.

“Tungoje kidogo,” akasema Tumwitike. “Ataondoka.”

Tukangoja. Moto ukawaka bure. Mzee hakuondoka, ataondokaje, na hilo ndilo lililomleta? Nikamwambia, “Nipe ndoo niteke mimi. Mimi si mkwe wa mtu hapa.”

Tumwitike akanitazama. “Dada, leo utateka wewe. Na kesho je? Utakuwa unatoka kwenu na giza uje kunitekea?”

Nikageuza ndoo, nikaikalia. Naye akakalia ya kwake. Jua likapanda, tukasikia tumbo la mtu likinguruma na sijui lilikuwa la nani kati yetu.

Mwishowe sauti ikatoka barazani. “Mama Tusekile! Mbona sioni moshi wa ugali? Huko jikoni mmelala?”

Nikafungua mdomo, Tumwitike akanishika mkono. Akasogea kwenye kona, huku ukuta ukimficha, akamwinamia yule kuku aliyefungwa.

“Wewe kuku,” akasema, “una bahati leo. Maji ya kukunyonyolea yako bondeni, na njia ina mwenyewe.”

Halafu mzee akakohoa. “Kuku, mwenye njia ni nani? Hapa niko peke yangu, nimekaa tu.”

“Kuku, mwambie ndiyo hivyo hivyo. Amekaa.”

Nikaziba mdomo kwa kitenge. Nikajua mzee anatazama ngazi, anatazama vidole vyake, anapima hatua mbili zile kwa mara ya kwanza.

“Kuku,” akasema polepole, “mwambie asihangaike. Nitageuka.”

Tukasikia kigoda kinakwaruza mawe. Mzee aligeuka, akaelekeza uso ukutani na mgongo ziwani. Tumwitike akajifunika kitenge, akapita haraka akitazama chini, akashuka. Ngazi zile ni ndefu, nami nilikuwa naomba kimoyomoyo asiteleze. Wakati bado yuko huko chini, Bwana Mwasyoge akarudi pamoja na Andongwisye. Akamkuta mteja wake amekaa, pua karibu igonge ukuta.

“Mzee wangu! Ziwa liko huku!”

“Najua liliko.”

“Sasa unatazama nini huko?”

“Natazama chokaa yako. Imebanduka.”

Andongwisye alielewa mara moja. Akamwambia mwenye nyumba kwa sauti ya chini kuwa mkewe yuko majini. Bwana Mwasyoge akacheka. “Aa, hayo tu? Dakika chache. Mtazoea.”

Tumwitike akapanda na ndoo kichwani, akapita, akaingia jikoni akihema. Tukabandika maji ya ugali, yakatosha ugali tu, kuku tukamwacha na maisha yake. Mzee akageuza kigoda kuelekea ziwani. Lakini nilimwona hakai tena kama mwanzo. Aliketi kama mtu aliyevaa kiatu kipya akahisi kijiwe ndani.

“Kuku,” akaita, “hebu mwulize mwenye jiko, maji huchotwa mara ngapi kwa siku?”

“Kuku, mjibu,” akasema Tumwitike akikoroga. “Asubuhi ya chai na kunawa. Mchana ya kupikia. Jioni ya kuogesha watoto. Siku ya kufua asiulize.”

“Asubuhi, mchana, jioni,” mzee akarudia. “Sasa kuku, mimi hilo ziwa nitalitazama lini?”

“Kuku, mwambie usiku lipo.”

Hapo hata Andongwisye alishindwa, akaegemea nguzo akicheka mpaka machozi. Mzee naye akacheka, kicheko cha tumboni. “Loo! Nimekuja kununua ziwa ili nilipe mgongo!”

Bwana Mwasyoge peke yake hakucheka. Aliona biashara inateleza. Akasema, “Mzee, mambo ya kujificha mkwe yamekwisha duniani. Siku hizi watu wanakula meza moja. Mwambie binti apite tu, hakuna atakayekufa.”

Kicheko cha mzee kikakatika. “Bwana Mwasyoge,” akasema, “miaka thelathini nilipokuwa relini hakuna aliyenijali kama nimekaa au nimesimama. Leo kuna mtu anarudi na ndoo kavu kwa sababu nimekaa. Nawe unataka nimfundishe kuacha?”

Ndipo Tumwitike akasema, safari hii bila mzaha. Alikuwa amepiga magoti pale konani karibu na kuku, na mwiko bado mkononi.

“Kuku, mwambie sikuja kukataa nyumba yake. Nimeona uso wa mume wangu anavyofurahi kwa sababu baba yake anafurahi. Miaka tisa tangu niolewe hatujakoseana. Lakini hapa kila nikishika ndoo nitamwondoa mtu kwenye raha yake. Atageuka leo, atageuka kesho. Mwezi ujao atachoka na ataona haya kusema. Na mimi nitaanza kuomba mvua inyeshe asitoke nje. Sitaki kufika siku ya kumwombea hivyo.”

Mimi nilifuta macho. Moshi ulikuwepo, lakini haukuwa moshi. Nilimtazama mzee kwa pembeni. Niliona anaitazama Lwasi, yale maji ya buluu, kama mtu anayeaga. Kisha akamtazama mwanawe, na najua alikumbuka lile sharti, na vile vyumba vya reli, na sahani moja mezani.

“Bwana Mwasyoge,” akauliza, “hakuna pengine pa kushukia? Hata pa kuchonga?”

“Mwamba mtupu, mzee. Na njia ya pili ya nini? Ziwa moja, nyumba moja, njia moja.”

Mzee akageukia jikoni. “Kuku, lile ziwa la vyura likoje upande wa nyuma? Mimi niliona mbele tu.”

Hapo nilijibu mimi, maana tulipokwenda kuzika huko mwaka uliopita tuliteka maji Kasyeto kwa siku tatu. Nikasema, “Mzee, Kasyeto ina njia ya mbele inayopita katika matete. Na mlango wa jikoni una njia yake nyingine, inapita migombani mpaka kwenye jiwe pana la kufulia. Aliye huku hamwoni aliye kule. Ila wanasikiana.”

“Wanasikiana,” akasema mzee, na tabasamu likaanza kumrudia.

Walihamia Kasyeto baada ya mavuno ya mahindi, na nilikwenda kuwasaidia kupanga vyombo. Tumwitike alizaa wengine wawili kule. Mzee alifyeka matete kidogo mbele ya nyumba, akapata maji ya kutosha jicho lake, akawa anasema vyura ndio sauti ya nne ambayo kwaya yetu haijawahi kuipata. Siku moja niliwakuta, yeye mbele na mkwewe kwenye jiwe la kufulia, wanacheka kwa jambo moja, nyumba nzima katikati yao. Sikuuliza ni jambo gani. Nilisimama nikamshukuru Mungu. Na wale wazee mliowasikia leo, walipocheka na kukubali choo kisijengwe kando ya jiko la akina mama, walikuwa wamekumbuka kwamba mahali pa watu wengi hapachaguliwi na mmoja aliyekaa.

Lakini methali haikuzaliwa Kasyeto. Ilizaliwa pale pale barazani Lwasi, baada ya ugali, na ndipo nitakapowaachia.

Tulikuwa tumemaliza kula. Vyombo vilikuwa vichafu, ndoo ilikuwa tupu, na Tumwitike alikuwa amesimama tena mlangoni mwa jiko ameishika. Bwana Mwasyoge alikuwa ametandaza karatasi zake juu ya mawe, ameweka na kalamu. Jua la alasiri lilikuwa limeshuka juu ya maji, na kusema kweli, wanangu, sijaona kitu kizuri vile tangu nizaliwe. Alilijua hilo yule bwana. Akanyoosha mkono wote.

“Mzee wangu, tazama tu. Zunguka dunia nzima. Ziwa gani zuri kuliko hili?”

Mzee Asajile alilitazama. Halafu akatazama ile ndoo iliyokuwa inaonekana nusu nyuma ya ukuta.

“Ziwa zuri ni lenye njia mbili,” akasema.

Akasimama, akashuka barazani, akaelekea barabarani bila neno lingine.